Kabla Pikapu Haijavuta Trela

Leo tunazungumza juu ya pikapu na trela. Naomba hasa sikio la madereva, la mafundi wa magari, la wachomeleaji, na la kila mfanyabiashara mwenye pikapu anayetamani ibebe zaidi ya inavyobeba sasa.

Mazungumzo haya yameletwa na simu zetu. Ndugu zetu walioko Marekani, na baadhi yao wanaishi kwa udereva, wanatutumia picha za pikapu moja inayovuta trela ndefu kuliko nyumba. Trela yenyewe haijafungwa nyuma kwenye bampa. Shingo yake imepanda, imeingia ndani ya bodi ya pikapu na kukaa juu ya sahani ya chuma. Mtu anaitazama ile picha, kisha anaitazama pikapu yake iliyosimama uani, na moyo unamwambia: hata mimi naweza. Simenti inashushwa stesheni, mchele unangoja vijijini, mafuta ya mawese yanangoja gari. Kwa nini niende safari tatu mahali ambapo ningeenda moja?

Swali ni zuri, na jibu langu nalitoa mapema ili asiyeweza kukaa nasi hadi mwisho aondoke nalo. Pikapu inaweza kuvuta trela ya namna hiyo. Lakini injini ndiyo jambo la mwisho la kuulizia. Injini ya dizeli yenye afya itaikokota trela kubwa kwenye barabara kavu na tambarare bila kulalamika, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Maswali yanayookoa maisha ni mawili: uzito unakaa wapi, na nani atausimamisha. Mtu asiyeweza kuyajibu maswali hayo kwa tarakimu, kabla hata chuma hakijakatwa, asivute.

Tuanze na la kwanza. Hapa Kindu hakuna asiyemjua msukuma baiskeli. Akirundika vidumu vyote nyuma kabisa ya gurudumu la nyuma, usukani unakuwa mwepesi, gurudumu la mbele linaning'inia, na baiskeli inakwenda inakotaka yenyewe. Ndiyo maana wazoefu huupanga mzigo ubavuni na kuusogeza mbele, karibu na fremu. Pikapu nayo iko chini ya sheria hiyohiyo.

Sikilizeni hesabu yake. Chukua Land Cruiser 79 ya kebini moja, gari ambalo kila fundi wa Kindu amewahi kulala chini yake. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kuna mita 3 na sentimita 18. Tuseme umefunga ndoano yenye tufe la chuma nyuma ya bampa, mita 1 na sentimita 20 nyuma ya ekseli ya nyuma, na trela inalikandamiza tufe hilo kwa kilo 300. Hizo kilo 300 zinafanya kazi ya nyenzo. Zinaondoa kilo 113 kwenye magurudumu ya mbele, na ekseli ya nyuma inajikuta imebeba kilo 413. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayopiga kona, na ndiyo yenye sehemu kubwa ya breki. Umeyapunguzia uzito wakati ule ule ulioongeza mzigo wa kusimamisha. Tope likiwapo, dereva anageuza usukani na gari linaendelea kwenda mbele.

Sasa sogeza mzigo huo. Badala ya tufe nyuma ya bampa, weka sahani ya chuma ndani ya bodi, sentimita 10 mbele ya ekseli ya nyuma, na trela iikandamize kwa kilo 600, mara mbili ya ule mzigo wa kwanza. Ekseli ya nyuma inapata kilo 581, na zile 19 zilizobaki zinaongezeka kwenye magurudumu ya mbele. Usukani haujapoteza kitu. Faida ya pili ni kwamba trela haina mkono mrefu wa kuyumbishia gari. Trela ya tufe ikianza kucheza kushoto na kulia, inaushika mkia wa pikapu mbali na ekseli na kuuvuta huku na huku. Trela ya sahani inageukia juu ya ekseli penyewe, kwa hiyo nguvu hiyo ni ndogo. Ndiyo sababu malori makubwa ya kontena, yale yanayopanga foleni mpakani Kasumbalesa kuingia Katanga, yanatumia sahani.

Ufundi huu ulikuzwa na fundi chuma kama mafundi wetu. Mwaka 1914, mjini Detroit huko Marekani, mfanyabiashara wa mbao aitwaye Frederic Sibley alitaka kuisafirisha mashua yake kwa gari la Ford. Alimwendea August Fruehauf, fundi wa magari ya kukokotwa na farasi, naye akamtengenezea kigari ambacho mbele yake kilikaa juu ya lile Ford na nyuma yake kikawa na magurudumu. Mashua ilifika. Sibley akaagiza vingine vya kubebea mbao, na kutoka karakana hiyo ikazaliwa kampuni kubwa ya trela. Nalitaja hili kwa sababu mchomeleaji wa Kindu hapungukiwi mkono wala akili. Kinachotupungukia mara nyingi ni kalamu kutangulia moto.

Basi chukueni kalamu.

Kila gari limebandikwa kibao cha mtengenezaji, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kibao hicho, pamoja na kitabu cha gari, vinakupa uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kufikia likiwa na watu na mizigo, uzito ambao ekseli ya nyuma inaruhusiwa kubeba, na uzito wa juu wa gari pamoja na trela. Ukitoa uzito wa gari tupu kwenye uzito wake wa juu kabisa, unapata mzigo halali. Kwa pikapu nyingi tulizonazo mzigo huo ni kama tani moja hivi, lakini wewe fuata kibao cha gari lako, usifuate la jirani.

Tufanye mfano wa pikapu yenye uzito wa kilo 2,200 ikiwa tupu, na mzigo halali wa kilo 1,000. Ndani wamekaa dereva na wasaidizi wawili. Kwa kilo 70 kila mmoja, hao ni kilo 210. Sahani na vyuma vyake tuseme kilo 80. Zimebaki kilo 710. Trela ya sahani hukandamiza gari kwa asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake wote. Trela ya kilo 3,000 ikiwa imepakiwa, kwa asilimia 20, inaweka kilo 600 ndani ya bodi. Toa 600 kwenye 710, zinabaki 110. Hapo umebakiwa na nafasi ya mifuko 2 ya simenti, basi. Mtu aliyezoea kujaza bodi ya pikapu na kumalizia na watu juu asifikirie kwamba ataongeza trela juu ya mazoea hayo. Bodi ya pikapu inayovuta trela ya sahani imekaribia kujaa kabla hujaweka mfuko hata mmoja.

Lakini tazama na upande wa faida, maana ndio uliotuleta hapa. Ikiwa trela tupu ina kilo 900, umebeba kilo 2,100 za bidhaa, yaani mifuko 42 ya simenti ya kilo 50. Pikapu peke yake, ikiwa na watu wale wale watatu, ingebeba kihalali mifuko 15. Kwa safari moja umefanya karibu kazi ya safari tatu, na hujavunja springi ya mtu. Huu ndio uzuri wa trela: inaruhusu gari kufanya kazi nyingi bila kuzidishiwa mzigo. Anayeshika hesabu anapata faida na gari linadumu.

Wengine watauliza: nitajuaje uzito bila mizani ya magari? Utajua kwa kuhesabu na kwa kupima. Mfuko wa simenti una kilo 50. Kidumu cha lita 20 cha mawese kina kilo 18 hivi. Pipa la lita 200 la dizeli linakaribia kilo 170, bila pipa lenyewe. Andika, jumlisha. Kisha chukua futi ya fundi. Gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyo sawa, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa matao ya magurudumu, mbele na nyuma. Unganisha trela iliyopakiwa, halafu pima tena. Nyuma patashuka, hilo ni halali. Mbele pakiwa pamepanda, mzigo umekaa nyuma ya ekseli, usitoke uani. Upimaji huu hauhitaji umeme wala faranga, unahitaji dakika 5 na mtu mwaminifu.

Sasa niseme na mafundi, baba zangu wa gereji na vijana wenu. Sahani hii haifungwi kwenye bati la bodi. Bati halina nguvu. Siku trela itakaposukuma kwa nguvu, sahani itang'oka na kipande cha bodi. Sahani inakaa juu ya reli mbili za chuma, na reli hizo zinapita bodi na kufungwa kwa bolti ngumu kwenye chesisi yenyewe. Kwenye chesisi, tundu linatobolewa ubavuni, katika ule ukuta uliosimama. Usitoboe bamba la juu wala la chini, kwa kuwa hayo mawili ndiyo yanayobeba mkazo chesisi inapojipinda. Na tafadhali, usichomelee kwenye chesisi bila maelekezo ya mtengenezaji. Joto la kuchomelea linabadilisha chuma kando ya mshono, na ufa hauanzi siku hiyo. Unaanza baada ya miezi, mahali ambapo macho hayafiki, na siku ya kuonekana gari linakuwa njiani. Tumia bolti, kaza kwa kipimo, na baada ya safari ya kwanza rudi chini ya gari ukaze tena.

Kisha kuna nafasi. Trela inapokata kona kali, pembe ya shingo yake inazunguka kuelekea kebini. Pikapu yenye bodi ndefu, ya karibu mita 2 na nusu, ina nafasi ya kutosha. Kwa yenye bodi fupi, hasa zile za milango minne, trela inaweza kuvunja kioo cha nyuma siku dereva anaporudi nyuma uani. Kule Marekani wanatumia sahani inayoteleza kurudi nyuma wakati wa kona. Asiye nayo aijaribu kona yake ya mwisho polepole, trela ikiwa tupu, na mtu amesimama pembeni akiangalia. Urefu wa kwenda juu nao una sheria yake: kati ya ukingo wa bodi na tumbo la shingo ya trela ziwepo angalau sentimita 15, na trela ikae sawa, isiinue pua wala isiinamishe. Kwa barabara zetu, mimi ningeongeza nafasi hiyo. Pikapu ikishuka kwenye kivuko huku trela ingali juu ukingoni, pembe kati yao inakuwa kali, na chuma kinagonga chuma.

Nimefika kwenye swali la pili, nani atausimamisha. Hapa naomba usikivu wa kila mtu, hata asiyeendesha, kwa sababu anayegongwa mara nyingi ni yule asiyeendesha.

Pikapu yetu ya mfano, yenye watu watatu, sahani na trela ya kilo 3,000, inafika kilo 5,490 kwa jumla. Hiyo ni karibu mara mbili na nusu ya pikapu tupu yenye dereva peke yake. Breki za pikapu zilitengenezwa kwa uzito wa pikapu. Mwendo nao unaongeza deni: ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 60, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza inapanda mara 2 na robo. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe wanatofautisha. Kule Australia, Land Cruiser 79 inaruhusiwa kuvuta trela ya kilo 3,500 ikiwa trela ina breki zake, na kilo 750 tu ikiwa haina. Injini ni ile ile, gari ni lile lile. Kilichotofautisha 750 na 3,500 ni breki za trela.

Kwa hiyo sheria ya moyoni iwe hii: trela inayozidi kilo 750 ikiwa imepakiwa lazima ijisimamishe yenyewe. Kwenye trela ya sahani inayovutwa na pikapu, breki hizo kwa kawaida ni za umeme. Ndani ya ngoma ya breki kuna sumaku. Dereva akikanyaga pedali, kifaa kilichofungwa karibu na usukani kinapeleka umeme kwenye sumaku, nayo inavisukuma viatu vya breki. Kifaa hicho kina kiwiko ambacho dereva anaweza kukishika kwa mkono na kuifunga breki ya trela peke yake. Trela ikianza kuyumba, mguu uache mafuta, mkono ushike kile kiwiko kidogo kidogo, na breki ya gari isiguswe kwa ghafla. Trela itavutwa nyuma na kunyooka.

Na trela ikichomoka? Juu yake panafungwa betri ndogo na swichi, na kutoka kwenye swichi unatoka waya wa chuma. Waya huo unafungwa kwenye mwili wa pikapu. Trela ikikatika, waya unachomoa swichi, betri inapeleka umeme, breki za trela zinajifunga zenyewe. Wazo hili ni la zamani. George Westinghouse aliliingiza kwenye reli mwaka 1872: breki za upepo ambazo bomba likikatika kati ya mabehewa, kila behewa linajifunga. Watu wa mji wa reli kama wetu wanajua maana ya behewa kuachwa litembee lenyewe. Basi waya huo usifungwe kwenye sahani. Ikiwa sahani ndiyo iliyong'oka, waya utakwenda nayo na hautavuta kitu. Ufungwe kwenye chesisi ya pikapu.

Nasema haya nikijua kwamba sumaku za breki hazipatikani katika kila duka la vipuri hapa mjini. Ni lazima ziagizwe, na kuagiza ni gharama na ni kungoja. Lakini ndugu yangu, mtu aliyepata pesa ya kununua chuma cha trela na kumlipa mchomeleaji hajamaliza bajeti. Amemaliza nusu. Trela bila breki ni nusu ya trela, na ikae uani mpaka nusu nyingine ifike.

Tairi nitazigusa kwa haraka. Soma ubavuni mwa kila tairi uzito inaobeba, zidisha kwa idadi ya tairi za ekseli hiyo, na ulinganishe na hesabu yako. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi. Tairi yenye upepo mdogo chini ya mzigo inajikunja, inapata joto, na joto la mchana wa Kindu linamalizia kazi. Trela nayo iwe na tairi yake ya akiba, kwa sababu ile ya pikapu huenda isiingie.

Sasa namna ya kuunganisha, na hapa tuende hatua kwa hatua. Chini ya shingo ya trela kuna pini nene ya chuma, yenye kipenyo cha milimita 50.8. Sahani ina mdomo uliopasuliwa na taya ndani yake. Weka kwanza vizuizi kwenye magurudumu ya trela. Paka sahani grisi. Rekebisha miguu ya trela hadi bamba la shingo liwe chini kidogo ya sahani, ili pikapu ikirudi nyuma sahani iinyanyue trela kidogo na pini iingie mdomoni bila kuruka juu ya taya. Rudi nyuma polepole mpaka usikie taya zinafunga. Usiamini sikio. Shuka, chukua tochi, inama, uangalie kwa macho kwamba taya zimeikumbatia pini na hakuna mwanga kati ya bamba la trela na sahani. Weka kipini cha usalama kwenye kishikio. Chomeka plagi ya taa na breki. Funga waya wa kukatika. Kisha, kabla ya kuinua miguu kabisa, na vizuizi vikiwa bado mahali pake, funga breki ya trela kwa mkono na uivute pikapu mbele taratibu. Ikikataa kwenda, imeshika. Hapo ndipo unainua miguu na kuondoa vizuizi, halafu mwenzako anasimama nyuma kuangalia taa za breki na za kona moja baada ya nyingine.

Hatua hizi zirudiwe kila mara, hata kama umefungua trela kwa dakika 10 tu. Taya zilizoshika nusu zinavuta vizuri mpaka kwenye shimo la kwanza.

Tuingie barabarani, barabara yetu hii ya Maniema. Trela ya picha za simu inakwenda juu ya lami. Sisi tuna udongo mwekundu, mvua nyingi, mitaro iliyochimbwa na malori, na madaraja ya magogo. Mambo matatu yanabadilika.

La kwanza, upana. Magurudumu ya trela yafuate nyayo za pikapu. Trela ikiwa pana au nyembamba kuliko gari, gari litakuwa ndani ya mitaro na trela itapanda ukingo wake, itelemke, ipande tena, mpaka ipinduke. Mchomeleaji apime umbali kati ya tairi na tairi za pikapu kabla ya kukata ekseli ya trela.

La pili, kujipinda. Sahani za kawaida zinainama mbele na nyuma, haziinami ubavuni. Kwenye lami haidhuru. Kwenye makorongo, gurudumu moja la pikapu likiwa shimoni na la trela likiwa juu ya jiwe upande wa pili, trela inataka kulala kushoto na gari linataka kulala kulia, na sahani inazuia. Kitakachojipinda ni chesisi. Kwa njia zetu inatakiwa sahani inayoinama pande zote nne, na ziko zinazotengenezwa hivyo. Asiyeipata aiache trela ya sahani mjini, kati ya stesheni, soko na uwanja wa ndege.

La tatu, madaraja na kivuko. Mbele ya daraja la magogo, dereva ashuke, aangalie magogo, na ajue jumla ya uzito wake kwa kilo. Abiria wote washuke na wavuke kwa miguu. Kwenye kivuko cha kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto, amwambie nahodha ukweli wa uzito na urefu. Lualaba haisamehe makadirio.

Msimu nao ni mshauri. Kuna njia ambayo Julai inapitika na trela, na Novemba haifai hata kwa pikapu peke yake. Kukubali hivyo ni busara ya mtu anayetaka kufanya kazi miaka mingi.

Jambo la sheria nalo. Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani umeweka kwamba leseni ya kawaida ya gari dogo, la daraja B, ni ya gari lisilozidi kilo 3,500 na trela isiyozidi kilo 750. Zaidi ya hapo, kwa kawaida dereva anahitaji leseni ya kuvuta trela. Hata huko Marekani, anayeendesha kwa biashara gari na trela zikifikia kilo 11,794 pamoja, na trela ikizidi 4,536, analazimika kuwa na leseni ya madereva wa malori. Maana ya sheria hizi tunaielewa bila karatasi: kuvuta ni ufundi wa pekee, unafundishwa, na mtu anapimwa. Kurudi nyuma peke yake kunahitaji siku nyingi za mazoezi kwenye uwanja mtupu. Ushike usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, trela inakwenda kushoto. Mwenye gari asimkabidhi kijana funguo za pikapu na trela kwa sababu tu kijana ni hodari kwa pikapu.

Na sasa lile linaloniuma zaidi. Barabarani kwetu watu hupanda juu ya mizigo. Mama anafuata magunia yake, mwanafunzi anarudi kwao, mgonjwa anatafuta hospitali. Usafiri ni haba na hakuna anayependa kumwacha mtu njiani. Lakini trela, ya sahani au ya tufe, isipakie mtu hata mmoja. Dereva hamsikii akipiga kelele. Trela ikichomoka, dereva anabaki na usukani na breki, na aliye juu ya trela anabaki na simenti. Mwenye mali akimwambia dereva apandishe watu, dereva akatae. Na sisi tunaosimama barabarani tukiomba lifti, tusimlaumu anapokataa. Amefanya kazi yake.

Kwa wengi wetu, ushauri wangu ni kuanza kidogo. Trela ya magurudumu mawili isiyozidi kilo 750 na mzigo wake, yenye ndoano iliyofungwa kwenye chesisi, minyororo miwili ya usalama na taa zinazowaka, itakufundisha yote: kupakia, kurudi nyuma, kupima matao, kuheshimu mashimo. Mzigo wa trela ya tufe upangwe ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito ikae kwenye ndoano; ukiwa mwepesi mbele, trela itayumba. Faida ya trela hiyo itakununulia vifaa vya ile kubwa, na siku utakapofunga sahani ndani ya bodi utakuwa umeshakuwa mvutaji.

Wenye gereji, nawaombeni jambo moja mnaloweza kulianza kesho asubuhi. Mteja akija kutaka ndoano au sahani, kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, kaeni naye chini na karatasi. Andikeni uzito wa kibao, uzito wa watu, uzito wa trela, na trela itasimamishwa na nini. Hesabu ikikubali, fanyeni kazi nzuri, na mlipwe vizuri. Ikikataa, mrudisheni mteja nyumbani na pesa yake, hata kama atanuna. Kindu inahitaji magari yanayobeba zaidi, na inahitaji mafundi ambao neno lao la hapana linaheshimiwa.